Nyongo Ikizibiwa Njia: Jinsi Saratani ya Mirija ya Nyongo Inavyoenea Mwilini



Siku ya Idd el-Hajj mwaka jana, ng'ombe wa madrasa alipokwisha chinjwa na kuchunwa, lilipasuliwa ini na ndani yake tukakuta kitu kilichowafanya wadogo zetu warudi nyuma. Katika mirija ya lile ini mlikuwa na minyoo bapa, mfano wa majani madogo ya mti, na kuta za mirija zilikuwa nene na ngumu kiasi kwamba kisu kilisikika kikikwaruza. Bwana afya aliyekuja kukagua akaamuru ini litupwe, na nyama iliyobaki ikagawiwa. Hapo mwanafunzi mmoja mdogo akauliza: "Maalim, hii ndiyo saratani iliyomuua Babu?"

Babu aliyekusudiwa ni mzee jirani yetu, aliyekuwa akishona nyavu chini ya mti ulio kando ya ua wa madrasa. Wengi wenu mnamkumbuka. Macho yake yalianza kugeuka ya manjano wakati wa kiangazi, naye hakuwa na homa wala maumivu ila kujikuna tu usiku kucha. Wapo waliosema ni malaria sugu. Wapo waliosema amerogwa, na kidole kikaelekezwa kwa mama mmoja mtu mzima anayekaanga samaki pale barabarani, kwa sababu mzee alikuwa mteja wake wa kila siku. Miezi mitatu ikapita kwa dawa za mizizi. Alipofikishwa hospitali mjini Dodoma, safari ya zaidi ya kilomita 100, madaktari wakaona kuwa mrija wa nyongo umezibwa na uvimbe, na uvimbe huo umekwisha kufika kwenye tezi za jirani. Hakuziona mvua za mwaka ule.

Maalim alimjibu yule mtoto kuwa hapana, minyoo ya ng'ombe si saratani. Lakini akasema pia kwamba swali lake halikuwa mbali na ukweli, na akatuagiza sisi wa darasa la juu tulitafutie jawabu na kuliandika humu. Tumeuliza wauguzi, tumewasumbua walimu wa baiolojia wa sekondari, tumesoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

NYONGO NA NJIA YAKE

Kila mtoto wa Mtera aliyewahi kutumbua perege anaijua nyongo. Ni kile kifuko cha kijani ambacho kikipasuka kwa uzembe, samaki mzima huwa mchungu na mama hugomba. Binadamu naye anacho, kimejificha chini ya ini upande wa kulia. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na kifuko ni ghala tu. Kutoka kwenye ini nyongo hupita katika vijirija vyembamba kama nyuzi. Hivyo huungana kama vijito vinavyoungana kuwa mto, hadi unapatikana mrija mmoja unaomwaga nyongo katika utumbo mwembamba, ambako kazi yake kubwa ni kusaidia kuyeyusha mafuta ya chakula.

Nyongo hubeba pia taka. Chembe nyekundu ya damu huishi siku kama 120, kisha huvunjwa, na rangi yake ya manjano huchujwa na ini na kutolewa pamoja na nyongo. Rangi hiyo ikibadilika tumboni ndiyo inayokipa choo kikubwa rangi yake ya kahawia. Sasa mrija ukizibwa, rangi haina pa kutokea. Hurudi kwenye damu, ikapaka macho na ngozi. Choo huwa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na mwili huwasha. Hayo yote mzee wetu alikuwa nayo, na kila moja lina sababu yake iliyo wazi.

Tuseme jambo moja kuhusu maneno. Watu husema "ana manjano" na wengine hufikiri ni ile homa ya manjano inayoletwa na mbu na kuchanjwa kwa wasafiri. Hiyo ni maradhi mengine. Manjano ya macho ni dalili, na dalili hii ina mama wengi: homa ya ini inayoletwa na virusi, malaria kali, mawe katika kifuko cha nyongo, hata chakula. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara makumi ya watu waliugua, na takriban 20 wakafariki, kwa kula mahindi yaliyoingiwa na sumukuvu. Wengi wao walikuwa na manjano pia. Kwa hiyo mtu akiwa na macho ya manjano haina maana kuwa ana saratani. Maana yake ni kuwa kuna kitu kwenye ini, kwenye mirija yake au kwenye damu, na kitu hicho hakijulikani mpaka apimwe.

AMRI YA KUKUA

Saratani ya mirija ya nyongo huanzia katika seli zinazotandika ndani ya mirija hiyo. Lakini seli ni kitu gani hata ikaamua kuasi?

Seli ya kawaida haijikulii ovyo. Hungoja kuamriwa. Amri huja kwa namna ya protini ndogo, tuziite vichocheo vya ukuaji, ambazo seli moja huzitoa na seli nyingine huzipokea. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, na kila kichocheo kina kipokezi chake, kama ufunguo na kufuli. Kichocheo kikinasa, vipokezi viwili huungana, vikaamka, na habari ikapokezwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine, mfano wa watu waliojipanga mstari kupokezana ndoo za maji, mpaka ifike kwenye kiini cha seli. Huko jeni za kugawanyika hufunguliwa. Ukijikata kidole wakati wa kutumbua samaki, amri hizi ndizo zinazoziba kidonda. Kidonda kikishapona, vipokezi humezwa na seli na kuvunjwavunjwa, na amri hukoma.

Waliogundua vichocheo hivi vya mwanzo walipata shida ya kutosha. Rita Levi-Montalcini wa Italia alizuiwa kufanya kazi ya chuo kikuu kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938 dhidi ya Mayahudi, akaifanya chumba chake cha kulala kuwa maabara na kuchunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ndani ya mayai. Baada ya vita alikwenda Marekani na huko akagundua kichocheo kinachoamuru mishipa ya fahamu ikue. Mwenzake Stanley Cohen, katika kuendeleza kazi hiyo, aliwadunga watoto wa panya maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa, akashangaa kuona macho yao yanafunguka baada ya wiki moja hivi badala ya karibu wiki mbili. Hicho kilikuwa kichocheo kingine, cha ngozi, ambacho wataalamu hukiita EGF. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Tutawarudia, maana vitu vyao vyote viwili vimo katika ugonjwa huu.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya bwawa, mfano ni rahisi. Bwawa la Mtera, mbali na mitambo yake ya megawati 80 iliyoanza kazi mwaka 1988, lilijengwa hasa kutunza maji kwa ajili ya Kidatu kule chini. Maji hayaachiwi ila kwa kipimo: yakihitajika lango hufunguliwa, yakitosha hufungwa. Fikiri lango limekwama likiwa wazi. Maji ni yaleyale, mto ni uleule, lakini kila kilicho chini yake kitakiona. Saratani ni hivyo. Si mnyama mgeni aliyeingia mwilini, ni amri za mwili wenyewe ambazo hazifungiki.

Katika mirija ya nyongo lango hukwama kwa njia zaidi ya moja. Wakati mwingine jeni ya kipokezi kiitwacho FGFR2 hukatika na kuungana na jeni nyingine, na kipokezi kinachotokana na muungano huo hubaki macho hata pasipo ufunguo. Hali hii huonekana kwa mgonjwa mmoja hivi katika kila kumi wenye saratani ya mirija iliyo ndani ya ini. Wakati mwingine kipokezi ni kizima, ila mmoja wa wale wapokezana ndoo, protini iitwayo KRAS, ndiye asiyetulia. Na wakati mwingine tatizo huanza nje ya seli: mrija uliojeruhiwa kwa miaka mingi hupokea amri za kupona kila siku, na seli inayogawanyika kila siku ina nafasi nyingi zaidi za kukosea inaponakili jeni zake. Nyongo yenyewe ikituama huchangia. Wachunguzi wameona kuwa asidi zilizomo ndani yake zinaweza kuamsha kipokezi cha EGF cha Cohen.

HABARI YA MINYOO

Hapa ndipo swali la yule mtoto linapokuja.

Kaskazini mashariki mwa Thailand, upande wa Khon Kaen, saratani hii huua watu wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Chanzo chake kikubwa ni mnyoo bapa aitwaye Opisthorchis viverrini. Mayai yake huingia majini na choo cha binadamu, humezwa na konokono, kisha kimelea hutoka kwa konokono na kujificha ndani ya nyama ya samaki wa maji baridi. Watu wa huko wana chakula chao cha samaki mbichi aliyekatwakatwa na kutiwa ndimu na pilipili. Mtu akimla samaki huyo, mnyoo hupanda hadi kwenye mirija ya nyongo na kukaa humo miaka mingi.

Jambo la ajabu ni hili. Mnyoo huyu hauumizi tu mrija kwa kuung'ata. Mwaka 2009 wachunguzi walieleza kuwa yeye mwenyewe hutoa protini inayofanana na kichocheo cha ukuaji cha binadamu kiitwacho granulini, na seli za mtu huipokea na kuanza kugawanyika kana kwamba zimeamriwa na mwili. Mnyoo ameghushi barua! Faida kwake ni kuwa kidonda anachokifanya kinazibika upesi na nyumba yake haibomoki. Hasara ni ya mwenye ini.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja mnyoo huyo mwaka 1994 kuwa msababishaji wa saratani. Katika mkutano huohuo lilimtaja pia mmoja tunayemfahamu sisi, mdudu wa kichocho cha mkojo, ambaye huleta saratani ya kibofu. Naye hutokea kwa konokono, ila yeye hasubiri uingie jikoni, hupenya ngozi ukiwa majini.

Basi minyoo wa ng'ombe wetu wa Idd ni akina nani? Hao ni jamaa wa ukoo huo lakini si wao. Huwapata ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaolisha kwenye majani ya majimaji, na mtu huwapata kwa kula majani ya majini yakiwa mabichi, si kwa kula nyama iliyoiva. Ule ugumu wa mirija uliokikwaruza kisu ni makovu ya mwili kujaribu kuponya jeraha lisilopona. Hawakutajwa kuwa wanaleta saratani. Ila anayetaka kuona kwa macho yake jeraha la muda mrefu katika mirija ya nyongo linafanana na nini, alione lile ini.

INAVYOTOKA KWAKE NA KWENDA KWA JIRANI

Kukua peke yake hakuui haraka. Kinachoua ni kuenea, na saratani hii ni hodari wa kuenea mapema.

Seli za mrija hushikana kwa protini zilizo mfano wa gundi. Kuna kichocheo kimoja, TGF-beta, ambacho kwa seli nzima huzuia kukua, lakini kwa seli iliyokwisha haribika huiamuru iachie gundi, ibadili umbo lake na kutambaa. Na seli hiyo haitambai peke yake. Hutoa kichocheo kinachowaita mafundi wa makovu, seli ambazo kazi yao ni kujaza kidonda. Mafundi wakija hudhani kuna jeraha la kuponya, nao hutoa vichocheo vyao: kimoja cha kuzihimiza seli zitembee, kingine cha kuamuru ijengwe mishipa mipya ya limfu, ile mishipa inayobeba maji ya mwili kuyapeleka kwenye tezi. Ndiyo maana uvimbe wa saratani hii ni mgumu, umejaa kovu kuliko seli za saratani zenyewe. Na ndiyo maana tezi zilizo karibu na ini hupata habari mapema: saratani imejengewa barabara na wajenzi wa mwili.

Njia nyingine ni mishipa ya fahamu. Mirija ya nyongo imezungukwa nayo, na seli za saratani hupenda kuifuata kama mtambaazi unavyofuata kamba. Miongoni mwa vichocheo vinavyohusishwa na jambo hili ni kile cha mwanzo kabisa, alichokigundua Rita Levi-Montalcini kutokana na vifaranga vyake. Daktari wa upasuaji anaweza kuuona uvimbe ni mdogo wa kutoa, kumbe umekwisha nyemelea kwenye mshipa, hatua nyingi mbele ya pale macho yake yanapofika.

Uvimbe ukiota kwenye njia panda ya mirija, chini kidogo ya ini, hata ukiwa mdogo huziba, na manjano hutokea. Ukiota ndani kabisa ya ini unaweza kukua sana bila macho kubadilika, kwa kuwa mirija mingine bado hufanya kazi. Kwa hiyo manjano ya mzee wetu, tukisema kwa ajabu yake, yalikuwa kengele. Wapo wasiopigiwa kengele yoyote.

TIBA IKO WAPI?

Matumaini makubwa ni upasuaji, kuukata uvimbe wote kabla haujatoka mahali pake. Ukishatoka, lililobaki ni kuufungulia mrija kwa bomba dogo ili nyongo ipite, mwasho na manjano vipungue, na kutoa dawa za kuua seli za saratani. Mwaka 2010 utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 410 ulionyesha kuwa dawa mbili pamoja, jemsitabini na sisplatini, ziliwapa wagonjwa miezi 11.7 kwa wastani, badala ya 8.1 kwa dawa moja. Mtu anaweza kusema miezi mitatu na nusu ni kitu gani. Waulizeni waliomuuguza mzazi.

Elimu ya vichocheo imeleta dawa za namna nyingine, zinazokwenda kwenye lango lenyewe lililokwama. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha pemigatinibu kwa wale wenye ule muungano wa FGFR2, na zaidi ya theluthi ya waliojaribiwa uvimbe wao ulisinyaa. Lakini kipokezi huja kubadilika tena na dawa ikashindwa. Dawa za kuziba kipokezi cha EGF nazo zilijaribiwa, zikapunguza uvimbe kwa baadhi ila hazikurefusha maisha. Ukiziba mfereji mmoja maji hutafuta mwingine. Na dawa hizi mpya ni ghali mno, tusidanganyane, mgonjwa wa kijijini hazifikii kwa urahisi.

Kinachofikika ni kupimwa mapema. Kipimo cha ultrasaundi huonyesha kama mirija ya ndani ya ini imevimba kwa kuzibwa, na vipimo vya damu huonyesha ni manjano ya aina gani. Kutoka huku kwetu watu hupelekwa Dodoma, ambako Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015, na wengine huendelea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Macho yakigeuka manjano, choo kikawa cheupe na mkojo ukawa mweusi, tena bila maumivu, safari iwe wiki hiyohiyo. Kutoumwa ndiko kulikomdanganya mzee na sisi sote.

Tukiwa tunamalizia kuandika, yule mtoto alirudi na swali lingine: "Sasa Babu alikula nini?" Tulimwambia kuwa yule mnyoo wa Thailand ni wa nchi za huko, na kwamba samaki aliyekaangwa hadi akakauka, kama tunavyomla hapa, hana kimelea kilicho hai ndani yake. Kwa wagonjwa wengi wa saratani hii duniani, sababu haijulikani kabisa. Jeni ilinakiliwa vibaya, lango likakwama. Hakuna aliyemlisha kitu.

Akatuangalia, akauliza kama yule mama wa samaki ameambiwa hivyo. Hakuwa ameambiwa. Kwa muda wote ule meza yake ilikuwa imekaa na samaki mpaka jioni, huku magari ya Iringa yakisimama kwa wenzake. Alhamisi iliyofuata tulikwenda pamoja na Maalim, tukanunua perege 12, na Maalim akakaa kwenye kigoda mbele ya meza, kando ya barabara, akala mmoja palepale.